Jino Zito la Mtoni

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa Kenyamonta, nimekaa kwenye ukingo wa mto uliokauka, na jua la huku halina huruma. Unakumbuka lile jino jeusi, zito kama jiwe, uliloliokota tukinywesha ng'ombe kule Susuni? Ulisema ni la ng'ombe aliyezeeka. Nilicheka, nikasema sasa unasoma hadi umri wa mawe.

Leo nimeokota la namna hiyo mchangani. Niko na mama mmoja, mtaalamu wa mifupa ya kale, akaniuliza ni la mnyama gani. Nikapitisha kidole juu yake kama ulivyokuwa ukipapasa meno ya ng'ombe mnadani kujua umri wao, nikagusa ile mistari iliyopinda kama mwezi mchanga, imelika karibu kwisha. Nikamjibu, "Ni jamii ya ng'ombe, tena mzee." Akaligeuzageuza, akasema ni kweli, ila huyu alikufa kabla watu hawajaanza kufuga. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, zizini kwa baba yangu.

Najua zizi ni tupu sasa. Kunywa uji wako, na jioni ujifunike magoti. Siku ile nilicheka mimi, Baba. Leo nimetamani ungekuwepo, ucheke wewe.

Binti yako,
Bhoke