Mpunga Haupigiwi Filimbi

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi fotokopi. Vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi zenye makosa yaleyale. Nimeyasahihisha bila kuombwa na bila kushukuriwa. Saa tisa na nusu nikashusha mlango wa duka nusu, nikafungua laptop, soko la mtandaoni la mechi. Mechi ya mapema, Uingereza. Nikainunua timu ya nyumbani. Ikafunga kabla ya mapumziko. Nikaiuza. Faida ya sukari na mafuta ya kula. Mechi iliishaje sijui, wala hainihusu.

Hili ndilo wasiloelewa wajinga wa kibanda cha kubeti mkabala na duka langu. Wao wanatabiri. Mimi nauza na kununua. Mtaa wetu wote wa Majengo hauna maktaba hata moja, lakini kila kona ina kibanda chenye televisheni tatu. Taifa linalolea vijana wake hivyo lisishangae.

Deo, mdogo wa mke wangu, alipaki bajaji yake pale akatoka na mkeka, karatasi ya dau la timu kumi na mbili.

"Shemeji, leo ndiyo leo. Kesho usinikute barabarani."

Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mtu anayemlipa tajiri ili yeye aendelee kuwa maskini hastahili hata kupiga kura. Walicheka sana. Deo naye alicheka, kisha akaukunja mkeka mpaka ukawa kama kidonge. Nilifurahi.

Jumapili, 10 Novemba

Jumuiya imesali kwetu. Baada ya rozari nikazungumza juu ya kamari. Katekista alipiga miayo, lakini akina mama waliitikia. Skola, mke wangu, alinitazama kwa sababu Deo alikuwa amekaa karibu na mlango. Najua. Ndiyo maana niliendelea.

Kwenye kikao cha ukoo cha Julai nilisema neno moja na likapita: mcheza kamari hapewi ufunguo. Ndiyo maana mpunga wa mama yao, magunia ishirini kutoka kijijini Usevya, uko kwenye stoo yangu na si kwa Deo. Mama mkwe anangoja Februari, bei ikiwa juu, auze. Kisha anunue saruji na vigae, amjengee marehemu mumewe kaburi. Misa ya kuweka msalaba ni Juni.

Kaburi la vigae. Aliye hai analala chini ya nyasi zinazovuja, aliyekufa anatafutiwa vigae. Nimelisema hili redioni, nimelisema msibani, nitalisema tena.

Jumanne, 19 Novemba

Wiki nzuri. Nimejifunza soko hili kwa vitabu na kwa hasara ndogondogo, si kwa ndoto. Kwenye kibanda unapambana na kampuni, na kampuni haishindwi. Huku hakuna kampuni, kuna binadamu mwenzako upande wa pili. Yeye anadhani timu itashinda, mimi namuuzia. Mimi nadhani itashinda, ananiuzia yeye. Ukinunua na bao likaja, wote wanaitaka, unawauzia wenye pupa. Bao lisipokuja, bei inaoza kila dakika. Hapo sheria ni moja: uza upesi, kubali hasara ndogo, funga laptop.

Sheria nzuri. Nimeiandika kwenye kadi, nimeibandika ukutani.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimeivunja. Na nimeshinda.

Bao halikuja. Dakika ya sitini nilitakiwa niuze. Nikajiuliza: nani huku kwetu Mpimbwe anauza mpunga Julai? Mwenye njaa na mwoga. Mwenye akili anafunga stoo, anasubiri, na wanunuzi wanakuja wenyewe wakiwa wamenyong'onyea. Nikasubiri. Dakika ya themanini na nane, penalti. Nikauza kwa faida ambayo fotokopi hainipi kwa mwezi.

Wazungu wameandika vitabu vizima kuhusu kukata hasara kwa sababu hawajawahi kulima.

Nimeitoa kadi ukutani.

Jumatano, 4 Desemba

Mtaji ndio kikwazo. Akili ninayo, mtaji sina. Mwenye mtaji mdogo anachuma kidogo hata awe nabii.

Skola yuko gulioni na marobota yake ya mitumba. Nimeuza magunia matano. Mnunuzi hakuuliza ni ya nani. Yatarudi kabla ya Krismasi, na zaidi. Ikiwezekana mama mkwe atapata vigae na bati pia, na atajua ni nani katika ukoo huu ana kichwa.

Sijisikii mwizi. Mpunga ulikuwa umekaa tu, unalisha panya na kumngoja maiti.

Jumamosi, 14 Desemba

Nilisubiri. Bao lilikuja, la wageni.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeuza mengine. Skola yuko kwenye mazoezi ya kwaya ya Krismasi. Nilimsikia akiimba kutoka kanisani nikiwa nahesabu noti na mnunuzi. Sauti yake bado nzuri. Nilikasirika, sijui kwa nini.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekwenda mashineni kuomba pumba za mpunga. Lundo kama mlima, hakuna anayezitaka. Mwenye mashine akaniuliza nafuga kuku. Nikasema nafuga.

Nimejaza magunia mwenyewe, nikayashona kwa sindano na kamba ile ile ya katani. Nimeyapanga nyuma, ya mpunga mbele. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mikono inawasha hadi kwenye viwiko. Mimi, niliyesomesha wana wa watu hawa historia miaka kumi na mmoja kabla sijagombana na mkuu wa shule na kuondoka na heshima yangu, nashona magunia ya pumba mchana nikiwa nimejifungia.

Ni kwa muda.

Alhamisi, 26 Desemba

Mechi zimejaa leo. Nimeuza hata ya mbele, jana, siku ya Noeli, Skola akiwa misani, nikaweka ya pumba mahali pake. Fedha yote iko sokoni. Timu moja. Inaongoza ligi, iko nyumbani, inacheza na ya mkiani.

Dakika ya thelathini, bado. Bei inaoza. Sijali.

Mapumziko. Bado. Skola ameniletea pilau dukani, akasimama nyuma yangu, akauliza hao wanaokimbia ni akina nani. Nikamwambia aondoke. Nilimwambia vibaya.

Dakika ya sabini. Ningeweza kuuza na kuokoa robo. Robo! Nani anauza robo ya mpunga?

Dakika ya themanini na tano. Mwamba. Mpira uligonga mwamba.

Sifuri kwa sifuri.

Nimekaa hapa nikiona kioo kimeganda. Nilidhani mtandao. Si mtandao. Mwamuzi amepuliza. Mpunga wa Julai unaweza kuungoja hadi Februari, hadi Machi, hadi mwaka mwingine, kwa sababu mpunga haupigiwi filimbi. Huu umepigiwa. Jambo ambalo mtoto yeyote anayetazama mpira analijua, mimi nimelijua leo, nikiwa na umri huu na vitabu vyote hivi.

Pilau imepoa. Nimeila.

Ijumaa, 27 Desemba

Deo amepita na bajaji, akapiga honi. "Heri ya sikukuu, shemeji! Mwenzio nimechaniwa mkeka na timu moja tu!"

Namchukia kwa afya yake.

Jumanne, 14 Januari

Mvua wiki nzima. Mama mkwe amekuja mjini. Amefikia kwa Deo, kwa sababu kwao mama haingii nyumba ya mkwe wake. Miaka ishirini na mmoja ya ndoa hajavuka kizingiti changu. Siku zote nimeiita desturi hii ya kijinga. Leo nimemshukuru Mungu kwa ajili yake.

Alisimama nje ya mlango wa stoo, mwavuli mkononi, macho chini. Nikafungua. Akachungulia magunia kutoka pale.

"Yamekaa vizuri, baba."

"Yamekaa, mama."

"Basi Mungu akubariki, mkwe wangu. Wengine wangekuwa wameshakula."

Akanionyesha kamba. Ameifunga mafundo mawili: urefu wa kaburi, upana wa kaburi. Alipima mwenyewe kwa kulala juu yake.

Angenitukana ningejua la kusema.

Jumatano, 5 Februari

Nimemwambia Skola mama asubiri Machi, bei itapanda zaidi. Nimetoa hoja tatu, zote nzuri. Skola amezipeleka. Jibu limerudi: mama hataki hoja, anataka saruji. Deo atakuja na kirikuu, kigari cha mizigo, Jumamosi ya wiki ijayo.

Ninazo siku za kusema. Sisemi. Kila asubuhi naamka nikiamini kuna kitu kitatokea. Gari litaharibika. Daraja litaondoka na maji. Ni ugonjwa uleule: nangoja bao la dakika ya themanini na nane.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeiandika hii kwa ukamilifu kwa sababu mjini itasimuliwa vibaya.

Deo alikuja na kirikuu na dereva. Mama mkwe alisimama getini, Skola pembeni yake. Majirani, kama kawaida yao. Nilimpa Deo ufunguo kwa mkono wangu. Hata hapo ningeweza kusema.

Deo alivua shati. Akainama, akakaza kiuno kama mtu anayeujua uzito wa gunia la mpunga, akanyanyua kwa nguvu zote. Gunia likaruka kama mto wa kulalia. Deo akaenda chali hadi nje kwenye tope, gunia kifuani, mshono ukakatika, pumba zikammwagikia usoni.

Wote walicheka. Dereva alijishika mbavu. Skola alicheka. Mimi pia nilicheka, na niliandike hilo: nilicheka.

Deo alikaa kwenye tope akichota pumba kiganjani. Akazipuliza. Zikaruka. Ndipo kicheko kikaanza kufa, mmoja mmoja.

Mama mkwe akavuka kizingiti. Alinipita bila kuinamisha macho, akaingia stoo, akasukuma gunia la kwanza kwa kidole. Likaanguka. La pili. Akazunguka yote.

"Shemeji," Deo akasema, bado amekaa chini, "huo ni mkeka gani wa magunia ishirini? Sisi wajinga tunachaniwa mia tano."

"Sikubeti," nikasema. "Nilikuwa nafanya biashara."

Hapo walicheka upya, na kicheko hiki kilikuwa kingine.

"Biashara! Nyie, mwalimu alikuwa anafanya biashara!" Deo alisimama akajifuta macho. "Umemlipa tajiri, shemeji. Hata kupiga kura hustahili."

Neno langu la Novemba. Alikuwa amelitunza.

Skola hakulia. Alisema, bila kupaza sauti: "Kile kikao ulimvua ndugu yangu nguo mbele ya mama yake."

Nikamgeukia mama mkwe. Nilikuwa na la kusema kuhusu makaburi na walio hai. Nilifungua mdomo kabisa. Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, na ana macho ya Skola. Nikafunga.

"Pakieni," akamwambia dereva.

"Pumba hizi, mama?"

"Pakieni. Tofali huchomwa na nini?"

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Wao wamekwenda wote.

Jumatano, 5 Machi

Majivu leo. Katekista alinipaka bila kunitazama. Jumuiya imechagua msemaji mwingine. Redioni hawajanipigia. Kibandani wameniita jina jipya: Mfanyabiashara. Wanaliita kwa heshima, wanasimama nikipita.

Nina majibu kwa kila mmoja wao. Nayatunga njiani, makali, yanayouma. Nikifika nyumbani hayana wa kuambiwa.

Alhamisi, 19 Juni

Usevya. Skola aliniambia jambo moja tu: mama anataka watu wa kuchoma tofali. Nikaja.

Hakuna saruji ya kutosha, hakuna vigae. Kaburi litakuwa la tofali za kuchoma. Nimezifyatua na vijana wa hapa, hawajui mimi ni nani au wanajifanya. Tumepanga tanuri. Leo tumezungushia pumba. Zile zile. Magunia nimeyatambua kwa mishono yangu.

Pumba haziwaki kwa mwali. Zinakwenda taratibu, nyeusi kwa nje, nyekundu kwa ndani, na ukidhani zimezima weka mkono uone.

Deo alikuja na soda akawagawia vibarua wote. Nami akanipa.

Jumamosi, 21 Juni

Tofali zimeiva. Chache zimepasuka. Kaburi litakwisha kabla ya misa, na niseme ukweli, litapendeza.

Jioni tulilipwa. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda na debe, anapima mpunga, debe moja kila mtu. Tulipanga mstari. Ilipofika zamu yangu akajaza, akalisawazisha kwa kiganja kama alivyofanya kwa wengine, akamimina kwenye mfuko wangu.

"Asante, fundi," akasema. Akamtazama aliye nyuma yangu.

Jumapili, 22 Juni

Nimerudi mjini Mpanda. Duka liko sawa, vumbi tu.

Ule mpunga nimeuweka stoo, katikati, peke yake. Skola alikuja akautazama. Akafunga mlango, akaondoka na ufunguo.