Habari za Uingereza Nilizozitunga

Jumatano, 20 Novemba

Sikuelewa mdahalo wa Waingereza. Hilo sijamwambia mtu na sidhani kama nitamwambia. Saa nzima nimekaa na simu ya Shangazi Yustina, nimewatazama wanaume wawili wakibishana kuhusu nchi yao, na nilichoshika ni kidogo mno. Kidato cha sita nimemaliza mwezi wa tano. Kiingereza nina B. Kumbe B ile ilikuwa ya kusoma kitabu. Hawa wanakatizana, na watu ukumbini wanacheka mahali ambapo mimi sioni cha kuchekesha.

Waziri Mkuu ana nywele kama mtu aliyeamshwa ghafla. Akiulizwa hospitali, akiulizwa kodi, anarudi palepale: tumalize kutoka Ulaya. Kiongozi wa upinzani ana ndevu nyeupe na miwani, anaongea taratibu kama mwalimu wa zamu. Hayo ya nywele na ndevu ndiyo nina uhakika nayo.

Shangazi amerudi kutoka soko la Zhanxi na mifuko ya sampuli za viatu. Kaniuliza kama nimeelewa. Nimesema ndiyo.

Jumamosi, 23 Novemba

Jana walitokea viongozi wanne, mmoja mmoja, wakiulizwa na wananchi. Nimetazama leo asubuhi. Programu ya kuruka ukuta wa mtandao wa Wachina inakatika kila baada ya dakika tatu. Waziri Mkuu, yule wa ndevu, mama wa chama cha Waskoti, na dada wa chama cha tatu ambaye walimbana mpaka nikamwonea huruma. Walimbana kwa lipi, sijui.

Ningeacha. Lakini kesho ni zamu yangu. Katika ibada yetu ya Jumapili, pale ghorofani kwenye mgahawa wa Mama Bahati, kabla ya maombi ya mwisho kuna Habari za Dunia. Mtu mmoja anasimama, anaeleza jambo linalotokea mahali, kisha wote tunaliombea. Wiki iliyopita Papa Ngoy aliomba tuelezwe uchaguzi wa Waingereza. Yeye ni wa Lubumbashi, huja hapa Guangzhou kununua viatu na nguo za watoto. Anajua Kifaransa na Kiswahili chao, Kiingereza hana. Mdogo wake, Trésor, anaishi Leicester, Uingereza, kwa pasipoti ya Ubelgiji, na mke na watoto wawili. Miaka mitatu hii wanaishi kwa wasiwasi.

Shangazi hakuniuliza hata mimi. Alisema mbele ya watu, "Mtoto wetu kasoma. Huyu atatueleza Waingereza mpaka tuchoke."

Jumapili, 24 Novemba

Nimefanya jambo baya.

Nilianza vizuri. Waziri Mkuu anataka nchi itoke mwisho wa Januari. Hiyo ni kweli, kasema mara nyingi hata mimi nimeisikia. Kisha nikafika kwa yule wa ndevu na kichwa kikawa cheupe. Nikasema naye anataka kutoka, ila polepole. Wale wanawake wawili nikasema hawataki. Niliona watu wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikataka kukaa.

Papa Ngoy akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Ma fille, binti yangu, na bale benye pasipoti ya Ulaya, benye bako kule ndani tayari? Banasema nini juu yabo?"

Sikuwa nimesikia lolote juu ya hao wenye pasipoti za Ulaya. Neno moja tu lilitakiwa: sijui. Shangazi alikuwa ananitazama kama anavyotazama mzigo wake uliofika salama. Nikasema, "Nao watatoka. Mwisho wa Januari."

"Bote?"

"Wote."

"Na ule wa ndevu anakubali?"

Nikasema amekubali.

Mama Bahati akaongoza maombi. Alimtaja Trésor kwa jina, mkewe, watoto. Akamwomba Mungu alainishe moyo wa mzee mwenye ndevu aliyekubali kufukuza watu. Watu ishirini na kitu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimejiambia ni maneno ya Jumapili tu. Watu husikia, huomba, hula wali, husahau.

Alhamisi, 28 Novemba

Hawakusahau.

Leo tulikuwa barabara ya Zhanqian tangu asubuhi, Shangazi, Papa Ngoy na mimi. Kazi yangu ni kubonyeza kikokotoo, kumwonyesha laoban, yaani mwenye duka, bei yetu, yeye anabonyeza yake, tunaendelea hivyo mpaka mmoja achoke. Laoban wa sweta za watoto alikataa kabisa. "Meiyou, meiyou," hakuna, hakuna, huku amezikalia. Shangazi kamwambia kwa Kiswahili, "Hizo unazokalia ni mayai, unayaatamia?" Laoban kacheka bila kujua anacheka nini, na bei ikashuka.

Katikati ya hayo Papa Ngoy akasema, kama anazungumzia hali ya hewa, kwamba amempigia Trésor. Amemwambia arudi Liège, Ubelgiji, na familia kabla ya Krismasi, asingoje kufukuzwa mbele ya watoto. Shangazi akauliza, na kazi? Trésor anaoka mikate, kiwanda kizuri. Papa Ngoy akasema, "Kazi itapatikana. Mimi ndiye mukubwa wake. Mukubwa akisema toka, unatoka."

Nilibonyeza sifuri moja zaidi kwenye kikokotoo. Laoban alifurahi sana. Shangazi alinifinya.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimebaki chumbani, nimesema tumbo linauma. Nimetazama midahalo yote miwili tena, nikisimamisha kila sentensi, na kamusi mapajani. Maandishi ya chini yalinisaidia. Kwa nini sikuyawasha siku ya kwanza? Kiburi. Nilitaka kuelewa kwa masikio.

Sasa naandika nilichokiona kweli.

Waziri Mkuu: ana makubaliano yake na Ulaya, anataka yapitishwe, nchi itoke mwisho wa Januari. Ni nchi inayotoka. Watu hawatajwi. Anarudia sentensi yake ileile kama wauzaji wa hapa wanavyorudia bei, na inaingia kichwani hata kwangu. Kuna mahali aliulizwa kama ukweli una umuhimu katika uchaguzi huu. Akajibu kwamba una umuhimu. Ukumbi ukacheka.

Wa upinzani: hajakubali kumfukuza mtu. Anataka kwenda Ulaya kupata makubaliano mengine, kisha arudi wananchi wapige kura, wachague hayo au kubaki. Akaulizwa mara nyingi yeye mwenyewe atakuwa upande gani. Kwenye mdahalo wa kwanza alikwepa, wakamcheka. Kwenye wa pili akasema hatashika upande, atatekeleza watakachoamua. Wakamgunia. Mimi sikumgunia. Mzee mzima kasimama mbele ya taifa akasema hilo sichagui. Mimi mbele ya watu ishirini nilishindwa kusema hilo silijui.

Dada wa chama cha tatu: akishinda anafuta mpango mzima bila kura nyingine. Ndiyo maana walimbana, walisema anawadharau waliopiga kura. Alijibu haraka haraka, anatabasamu, na kila jibu lilimzamisha. Mama wa Scotland ndiye aliyenyooka kuliko wote. Hataki kutoka, na anataka Waskoti waulizwe tena kama wabaki na Waingereza.

Halafu nikasoma ukurasa wa serikali yao. Raia wa Ulaya ambao tayari wanaishi kule wanajiandikisha tu. Wanaweza kujiandikisha kwa simu, na muda upo. Hakuna aliyeambiwa aondoke mwisho wa Januari. Aliyesema ni mimi.

Jumapili, 1 Desemba

Nilikwenda na karatasi ndani ya Biblia. Nimeandika kila kitu, hata sentensi ya kwanza: naomba radhi, wiki iliyopita nilikosea. Zamu ya Habari za Dunia ilikuwa ya mtu mwingine. Ningeweza kunyoosha mkono. Papa Ngoy alinyoosha.

Alitaka kunishukuru. Alisema bila huyu binti, mdogo wake angelala usingizi mpaka polisi wagonge mlango. Watu walipiga makofi. Shangazi alitazama chini akijifanya hana habari, lakini nilimwona anavyotabasamu. Baada ya ibada Papa Ngoy aliniagizia pondu, yaani kisamvu, na samaki mzima. Nimekula. Nimemaliza hata mkia. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumanne, 3 Desemba

Trésor amemwandikia mwenye nyumba kwamba wanahama. Shangazi kaniambia akiwa anafunga mizigo, kama habari njema, mtu anayefanya mambo yake mapema. Kazini bado hajasema, anangoja mshahara wa mwezi huu.

Bado hajasema. Nimeshikilia hilo siku nzima.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimesema.

Asubuhi nilitazama mdahalo mwingine wa wale wawili. Hakuna jipya. Mmoja anarudia sentensi yake, mwingine anaeleza kwa subira jambo ambalo watu wameshachoka kuelezwa. Nikaona hata mimi nimekuwa hivyo, kila siku najieleza kwa daftari, na Leicester watu wanafunga masanduku.

Mchana Papa Ngoy alikuwa na mzigo wa kwenda haraka kwa ndege, sweta zilezile. Shangazi akanituma nimsindikize mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, nimsomee fomu za Kiingereza. Tulikaa kwenye metro, mabegi katikati ya magoti. Nikamtolea karatasi. Kisha nikakumbuka hawezi kuisoma vizuri kwa mwandiko wangu. Nikasema kwa mdomo, nikitazama sakafu.

Nilisema sikuelewa mdahalo. Nilisema lile la watu kutoka nililitunga kwa sababu niliona aibu. Nilisema Trésor hahitaji kuondoka, ajiandikishe tu.

Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili. Kisha akauliza, "Ulitunga?"

"Ndiyo, Papa."

"Na samaki ulikula?"

Nadhani alitaka nicheke, au alitaka nilie. Sikuweza lolote.

Akatoa simu. Kule ilikuwa asubuhi. Alizungumza Kifaransa kwa kasi, nikashika jina la Trésor, na janvier, yaani Januari, na non, na non tena. Sauti ya upande wa pili ilipanda. Papa Ngoy akaiacha ipande, akaisikiliza yote. Mukubwa anagombezwa na mdogo wake ndani ya treni, kwa ajili yangu.

Alipokata simu aliniambia nyumba imekwenda. Mwenye nyumba ameshapata wengine, wanaingia wiki ijayo. Kazi ipo. Binti mkubwa, wa miaka kumi, huenda akabadilishwa shule. Alisema hivyo bila ukali. Ningependa ukali.

Uwanja wa ndege nilimsomea fomu zote. Kila mstari mara mbili.

Jumapili, 8 Desemba

Nilikuwa tayari. Nilimwambia Shangazi nitaomba nafasi ya kusema neno. Alidhani ni ushuhuda.

Papa Ngoy alisimama kabla yangu. Akasema, "Bandugu, niko na makosa. Huyu mutoto alieleza muzuri. Ni mimi masikio yangu ya Lubumbashi. Yeye anasema inchi inatoka, mimi nasikia bantu banatoka. Nimesumbua ndugu yangu bure."

Walicheka sana. Mama Bahati akasema, "Papa Ngoy, wewe ungeambiwa mvua inatoka ungehamisha Kongo nzima." Mwingine akamwita Papa Januari, na jina likashika hapohapo. Yeye alicheka nao, akakaa, hakunitazama.

Kila mtu alikuwepo Jumapili ile. Walinisikia kwa masikio yao nikisema wote. Lakini wamesahau, au kusahau kumewafaa. Shangazi alinigeukia, akanong'ona, "Ona, wewe ulisema sawa."

Nilikuwa nimeshashika kiti kwa mkono ili ninyanyuke. Nikauondoa mkono.

Ijumaa, 13 Desemba

Matokeo. Chama tawala kimeshinda kwa wingi mkubwa. Wanatoka mwisho wa Januari. Yule wa ndevu amesema hatakiongoza chama kwenye uchaguzi mwingine. Dada wa chama cha tatu amepoteza hata kiti chake. Mama wa Scotland kashinda kwake karibu kote.

Shangazi kauliza kama ni vizuri au vibaya. Nikasema sijui. Alinitazama kidogo, akaendelea kupanga viatu, kulia na kulia, kushoto na kushoto. Haikuuma. Neno lenyewe fupi.

Kwa Papa Ngoy sikuweza kwenda. Nilimtumia ujumbe: hakuna kilichobadilika kwa Trésor, ajiandikishe. Akajibu, "Merci, ma fille."

Jumapili, 15 Desemba

Mvua nyembamba tangu asubuhi. Watu walikuja wachache.

Trésor amejiandikisha, yeye, mke na watoto, kwa simu, na majibu ya awali yamerudi. Wamehamia chumba kimoja nyumbani kwa Mkongo mwenzao. Binti mkubwa anaanza shule mpya baada ya sikukuu. Papa Ngoy ameyasema haya mezani kwa sauti ya kawaida, na Mama Bahati akasema, "Pole, Papa Januari, masikio yamekugharimu." Akaitika. Ameshazoea.

Baadaye tulipokuwa tunakunja viti nilimwambia nitasema ukweli Jumapili ijayo. Akasema hapana. Akasema Shangazi yako ana wewe tu hapa, mwachie fahari yake. Mimi mzee, akasema, kuchekwa hakuniui. Alichukua viti vinne kwa mkupuo, akashuka ngazi.

Sasa siri si yangu peke yangu, ni yake pia, na yeye ndiye aliyeilipia. Nimekubali. Sijui kama nimemtii au nimejificha nyuma yake.

Wewe utakayelifungua daftari hili, kama ni wewe Shangazi, lifunge. Kama ni mwingine, tafadhali usimwambie.