Jina Chini ya Programu

Kehancha, 3 Agosti 2025

Mwanangu Phelesia,

Pokea salamu zetu. Kifua cha mama yako kimepoa, goti langu ni lile lile. Joto la Homa Bay halijakumaliza?

Nakuandikia kwa sababu simu yangu ikilia hapa, hata mbuzi wa jirani husikiliza. Mdogo wako Nchagwa ameitwa chuo na anataka kukufuata: shahada ya ubunifu wa michoro kama yako, miaka minne. Ng'ombe waliobaki ni wa mahari ya dada yako Damaris, na kwa desturi yetu ni wa kaka yako Mirumbe kuolea. Wenzao walikusomesha wewe. Mirumbe amesema niuze, atangoja. Wewe uliye ndani ya kazi hiyo, niambie: shahada hiyo inalisha mtu?

Baba yako

Homa Bay, 24 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima kabisa. Mvua imefika huko? Mahindi je? Yule mbwa bado anafukuza pikipiki?

Kuhusu Nchagwa, kazi ni nzuri, kaunti inatuhitaji sisi wabunifu. Fanya unavyoona, Baba. Nimemtumia Mama leso.

Mwanao, Phelesia

Kehancha, 16 Septemba 2025

Phelesia,

Hatujambo. Ng'ombe waliondoka Alhamisi. Nchagwa ameripoti chuoni na sanduku lako la zamani. Mirumbe yuko Macalder anachimba dhahabu. Anasema hawezi kuzeeka akingoja mke bure. Leso imefika.

Baba

Homa Bay, 2 Novemba 2025

Baba,

Afya ninayo, uso ndio sina. Barua hii nimeianza mara saba.

Sijawahi kufanya kazi kaunti. Niko kwenye kibanda cha uchapishaji karibu na mochari, natengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na picha ya marehemu. Nalipwa kwa kila maiti, na wiki ambayo watu hawafi, nakopa unga. Liz anayeketi kando yangu hana hata cheti. Alijifunza kwa kunitazama miezi mitatu, na tunalipwa sawa. Niliomba kazi kwingine mpaka nikachoka kuomba.

Ungeniuliza kwa simu ningelia, ukajua. Kwenye karatasi nilidanganya vizuri, maana kupamba karatasi ndiko nilikosomea. Ng'ombe wa Mirumbe nimewala mara mbili. Naona aibu, Baba.

Mwanao

Kehancha, 10 Novemba 2025

Mwanangu,

Mama yako mzima, goti linauma. Nilijua.

Julai tulimzika Mzee Oyaro kule Uriri. Programu ilipendeza, watu waliiweka ndani ya Biblia. Picha ya Oyaro uliitoa na tabasamu lake lenyewe, hata mjane aliacha kulia akaitazama. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina lako na namba ya simu. Kando yangu aliketi Mzee Elkanah, ambaye kila Sabato namwambia binti yangu ana ofisi kaunti. Nikalifunika jina lako kwa kidole gumba mpaka maombi yakaisha.

Ndiyo maana nilikuuliza. Nilitaka ukiri wewe, mimi nisiwe wa kukiri. Uliposema kazi ni nzuri nilishukuru, nikauza ng'ombe nikijua. Kukataa kuwauza kungenilazimu kueleza sababu mbele ya watu wa kanisa.

Jana Mirumbe alipiga simu kuuliza kama kaunti imekupandisha cheo. Njoo Jumapili. Nitakungoja stendi ya Migori, twende Macalder pamoja. Peke yangu siwezi kumtazama.

Baba yako