Ordonnance ya Tantine Adèle Inaisha Jumamosi

Mpendwa Mama Débora, mshauri wa gazeti letu,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefanya kosa ambalo limeleta amani nyumbani na sijui kama ni dhambi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Butembo, wazazi wangu wanalima Kasugho, na kwa sababu ya vita walinituma nikae kwa Tantine Adèle, mdogo wa mama, anayeuza maharagwe sokoni, na mume wake tonton Muyisa, ambaye akinywa kasiksi, pombe ya ndizi, humpiga, na kasiksi ikikosekana humpiga kwa sababu imekosekana. Mwezi uliopita mama mmoja mwanasheria alikuja shuleni akatufundisha kwamba mwanamke anayepigwa anaweza kuomba ordonnance, karatasi inayomkataza mume asimkaribie, nami nililiandika neno hilo na kulipigia mistari miwili, ila kengele ililia kabla hajasema inaombwa wapi.

Basi Jumamosi iliyopita tantine aliamka na jicho moja limefungwa kabisa, nikamwambia twende tukaombe ordonnance, akauliza wanaitoa wapi, nikakumbuka kwamba nimeliona neno hilo kwa herufi kubwa kwenye karatasi za kituo cha afya, tukaenda. Muganga Jephté alitazama jicho, akaandika, akapiga muhuri, wala hakuuliza kitu, nasi tukarudi tukitembea kama watu waliotoka mahakamani. Karibu na nyumba ndipo nilipoisoma nikaona ni ya vidonge, lakini tantine, asiyejua Kifaransa, alikwisha kuninyang'anya na kumwonyesha tonton mlangoni, akisema, "Muyisa, ona. Ordonnance."

Tonton anaogopa sana karatasi yenye muhuri, kwa sababu kwenye kila barrière ya barabarani askari, ambao hubadilisha jina la chama chao kila msimu, humwomba moja na yeye hana. Akavua kofia. "Eliane, we njo unasomaka. Inasema nini?"

Sista wetu wa Kifaransa alitufundisha kutafsiri bila kuongeza, nami sikuongeza. Nikasema: mara tatu kwa siku, kisha kula, siku saba, bila pombe, mbali na batoto, na kama hakuna mabadiliko, kurudi centre.

"Centre gani?" akauliza, sauti imepungua.

"Haikuandikwa, tonton. Centre tu."

Huku kwetu, Mama, unajua kuna centre ya afya na kuna centre ambako wanaume wanafundishwa kubeba bunduki, na yeye aliwaza ile ya pili. Tangu siku hiyo analala katika jiko la nje, na mara tatu kwa siku, akimaliza kula, anasimama mlangoni anasema, "Adèle, pardon," anangoja tuitikie kwa kichwa, anaenda. Hanywi. Watoto wa jirani wakipita anakimbilia nyuma ya banda la kuku, mpaka rafiki yake Kasonia akamcheka, "Muyisa, sasa unaogopa batoto?" naye akajibu, "Hapana mimi. Ni sheria."

Juzi nilimsikia tantine akiimba huku akichagua maharagwe, na mimi sikujua kwamba ana sauti. Lakini jana tonton alihesabu vidole mpaka Jumamosi, ambayo sisi huiita posho, akasema akitabasamu, "Posho inafika, Adèle. Azabu yangu inaisha. Tutaonana muzuri," na tantine akaangusha ungo. Ndiyo maana nimechonga muhuri kwenye kiazi cha Masereka, umetoka vizuri ila herufi zimegeuka nyuma, nataka niandike ordonnance nyingine ya miezi sita. Muhuri bado sijautumia. Je, ni dhambi kama ni kwa ajili ya amani?

Eliane

*

Eliane mutoto wangu,

Nilicheka mpaka nikaketi, kisha nikafika pale pa "tutaonana muzuri" nikaacha kucheka. Mwanaume anayehesabu siku hajatubu. Anangoja.

Kile kiazi kipike leo, mle. Siku tonton wako atakapompa karatasi yako Kasonia au mwingine anayesoma, wewe ndiwe utakayelala cachot ya polisi, na yeye atakuletea chakula akijiona mtakatifu. Kuhusu dhambi: kweli hukuongeza, ila ulipunguza neno moja, vidonge, na Sista wako angekukata alama. Mweleze padri, mambo yaishe.

Halafu, barua ndefu hivi na sioni popote kwamba tantine amekunywa dawa. Karatasi ya mgonjwa anaifuata tonton, asiye mgonjwa. Rudini kwa Jephté.

Ordonnance ya muganga na ordonnance ya jaji ni kama watu wawili wanaoitwa Kakule kwenye avenue moja: ukiita, anaweza kugeuka yule usiyemtaka. Safari hii mwombeni Jephté certificat médical, na tantine aseme kilichompiga jicho. Asiseme alianguka. Chef wa quartier, mkuu wa mtaa wenu, ameshasikia habari za wanawake wanaoanguka, inaonekana mji wetu unateleza sana. Kwa hicho cheti, na mama wawili wa sokoni walioliona lile jicho, mtaenda bureau ya quartier. Chef amwite Muyisa, atie sahihi mbele yao kwamba hatamgusa tena. Nakala tutaipeleka kwa jaji, tantine aombe ordonnance yenyewe. Jaji anaweza kukawia, kwa hiyo Alhamisi, Muyisa akiwa kazini, chukueni nguo mwende kwa kaka wa tantine, au kwangu. Msirudi kufuata sufuria.

Lakini kwanza muulize tantine kama anataka, mkiwa wawili tu. Jicho ni lake. Na wewe umemaliza kazi ya kumtafsiria tonton; kuanzia sasa chef atamsomea. Kifaransa chako kitatufaa kwenye barua ya jaji.

Utasikia watu wakiuliza nani ana nafasi ya jicho la mwanamke mmoja wakati wa vita. Mimi ninayo. Ndiyo maana jibu hili nakutumia kwa mkono wa Sista, na gazetini litatoka baada ya Ijumaa, kwa majina mengine.

Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa mbele ya bureau. Kama chef hajafika, tutakaa kwenye kizingiti chake. Kama atasema hana muda, tutaendelea kukaa. Mimi ni mnene, Eliane, na mlango ule ni mwembamba.