Uso wa Mariamu Usiowaka

Jumamosi, tarehe 6 Desemba

Makomredi! Wewe Yosefu wa plastiki, wewe Mariamu wa plastiki, nawe mtoto mchanga uliyelazwa horini bila kuulizwa: nawasalimu kwa jina la mapambano yetu. Mmesimama gerejini juu ya magazeti, na leo tena ninawapaka rangi. Kiwanda kiliwapa mashavu ya waridi na macho ya buluu. Nani aliwaomba ushauri? Hakuna. Basi nami sikuwaomba.

Rangi ya kahawia iliyokoza. Nimerudia mara tatu. Sitaki ubishi.

Mtihani wa sosholojia ni Jumanne na sijafungua kitabu. Historia itanisamehe. Mhadhiri, sina hakika.

Mama aliwanunua kwa jirani wa mtaa wa nyuma aliyekuwa akihama. Aliwaleta kwenye kiti cha nyuma cha gari, kila mmoja na balbu yake ndani, kila mmoja amefungwa mkanda. Nilipomwomba ruhusa ya kuwapaka alisema: “Paka. Lakini Jumapili ijayo wawake.”

Jumapili hiyo, tarehe 14, jumuiya yetu ya kanisa inasali kwetu.

Jumapili, tarehe 7 Desemba

Niliandaa hotuba dhidi ya kamati ya mtaa, iwapo itathubutu kupinga Familia Takatifu nyeusi katikati ya mji huu wa Pearland. Leo mwenyekiti wake amepita na mbwa, akachungulia gerejini, akasema wanapendeza. Akaenda zake. Hotuba nzima imeniozea kifuani.

Niandike pia kwa nini Mama anawataka hawa watu. Mwaka wake wa kwanza hapa Texas alikuwa akihudumia wazee. Mimi nilikuwa Meru kwa nyanya. Jioni akisubiri basi, ng'ambo ya barabara palikuwa na ua wenye familia kama hii, inawaka kwa ndani. Hakuwa na mtu wa kumpigia simu saa hiyo. Kwetu kulikuwa usiku. Aliniambia: “Nilikuwa nikiwatazama naona kama kuna watu nyumbani.”

Baadaye akasomea uuguzi, akanunua nyumba, akatuleta. Kila Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, amekuwa zamuni. Mwaka huu ameomba Jumapili moja tu. Amepewa.

Jumatatu, tarehe 8 Desemba

Maafa.

Nimeng'oa balbu za zamani, kwa sababu joto lao limemwachia Yosefu doa la kuungua mgongoni. Nimeweka za LED, ambazo hazichomi. Giza lilipoingia nikawasha.

Kanzu zikawaka. Buluu ya Mariamu ikawa nzuri ajabu. Lakini nyuso hazikuwepo. Palipokuwa na nyuso palikuwa na mashimo meusi. Mdogo wangu Makena, kwa Kiingereza chake cha hapa, aliuliza nani amewakata vichwa.

Mama alikuwa ameshavaa sare ya kazi, funguo mkononi. Alitazama. Akaondoka.

Sasa ninaelewa. Plastiki yenyewe ni nyeupe na mwanga hupenya. Rangi ya kiwanda ni nyepesi kama ukungu. Yangu ni ukuta. Mimi, adui wa kuta zote, nimejenga ukuta kwenye uso wa mtoto mchanga.

Jumanne, tarehe 9 Desemba

Mtihani umepita, au mimi nimepita kando yake.

Nimetafakari. Kosa si la rangi. Kosa ni la balbu, ambayo haina msimamo. Kesho nanunua yenye nguvu.

Jumatano, tarehe 10 Desemba

Nimenunua LED nyeupe kali kuliko zote dukani. Mwanga ukatokea kwenye maungio ya plastiki, masikioni na kwapani. Yosefu alionekana kama mtu anayevuja. Uso, giza lile lile. Vidole vya mtoto, ambavyo sikuvipaka, vikawa vya samawati.

Mama akainama horini. “Kendi, haki huyu mtoto anataka oksijeni.”

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Kisha akasema mwanga huo anauona wodini usiku kucha, nisimletee nyumbani.

Nikajaribu nyekundu. Mama akauliza kama Yosefu amehamia jehanamu.

Nimebaki na aina moja tu kwenye mfuko: ya manjano, hafifu. Nilipewa kama nyongeza. Nimeiweka ndani ya Mariamu bila matumaini yoyote.

Alhamisi, tarehe 11 Desemba

Tumegombana. Mama anataka niwarudishie rangi yao ya kwanza. Nikasimama katikati ya jikoni nikahutubia. Nikasema kwamba karne nzima tumepiga magoti mbele ya sura zisizofanana nasi; kwamba anayekubali kuchorwa na mwingine amekubali pia kufutwa naye; kwamba mimi sitakuwa mkono wa kufuta. Nilisema vizuri. Najua nilisema vizuri.

Mama alisubiri, mwiko mkononi. “Umemaliza? Mimi sikukataa wawe weusi, mama. Nimekataa wawe gizani.”

Akaendelea kukoroga mboga.

Nina hasira. Nina hasira zaidi kwa sababu sentensi yake imeishinda hotuba yangu yote.

Ijumaa, tarehe 12 Desemba

Nimesalimu amri. Niandike wazi, nisijipambe. Nimechukua spiriti na pamba kwenye kabati la Mama, nimeshuka gerejini, nimeanza kumfuta Mariamu ili nimrudishe alivyokuwa. Nilikuwa nalia. Si machozi mengi, lakini yalikuwepo.

Balbu ya manjano ilikuwa inawaka ndani yake. Nilikuwa nimesahau kuizima.

Nilifuta paji la uso mara moja, nikageuza pamba, nikafuta tena. Rangi haikutoka yote, ilipungua. Nikasimama. Mlango wa gereji ulikuwa umefungwa, ndani mna giza la kutosha. Paji la uso la Mariamu lilikuwa limewaka. Si waridi. Kahawia. Kahawia yenye moto ndani yake, kama chai ya rangi kwenye glasi ukiiinua dirishani.

Nilikaa chini sakafuni.

Ningeendelea kufuta kidogo tu, ningeukuta uso wa kiwanda. Nilikuwa karibu hivyo.

Jumamosi, tarehe 13 Desemba

Mama ametoka zamu asubuhi. Nikamwonyesha. Hakupanda kulala. Alivua viatu, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamchukua mtoto mapajani.

Anafuta jinsi anavyowafuta wagonjwa: macho kwanza, kutoka puani kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Akawa anaongea na plastiki. “Pole, baba. Tunamaliza sasa hivi.” Nilifanya kazi nikimwangalia yeye, ndiyo maana Yosefu ana mchirizi shavuni.

Kisha balbu. Ya manjano ndiyo iliyofaa; nikafuata nyingine dukani, lakini si za nguvu moja kwa wote. Yosefu ana rangi nene, amepata yenye nguvu zaidi. Mtoto amepata iliyo dhaifu kuliko zote. Ile kali ilimpausha, na Mama akasema mtoto mchanga hamulikwi machoni.

Makena amekagua. Anasema vichwa vimerudi.

Jumapili, tarehe 14 Desemba

Jumuiya imekuja jioni, Familia Takatifu ikiwaka nje kwenye nyasi. Rozari, nyimbo, pilau. Mama Divine, Mrundi anayefanya kazi ya kufua hotelini, alimzunguka Yosefu mara mbili akasema anafanana na shemeji yake wa Gitega, ila huyu angalau ananyamaza. Watu wakacheka. Kisha nikamwona amemwekea mtoto kiganja shavuni, kama anayempima homa, na hakukiondoa upesi.

Nilikuwa na maneno machache ya kuwaambia wageni. Nilikuwa nimeyaandika.

Mama hakuwepo uani. Nilimkuta ng'ambo ya barabara, amesimama peke yake chini ya mti wa jirani, mkoba begani, kama mtu anayesubiri basi. Anatazama nyumba. Nikafungua mdomo. Akaninyooshea mkono bila kugeuka, nikaushika, nikaufunga mdomo.

Tulisimama hivyo mpaka mtu akatuita kwamba chakula kinapoa.

Maneno yangu bado yamo mfukoni. Nimeyaacha humo.

Kesho Mama anarudi zamu. Makomredi, tukutane palepale kwenye nyasi, saa kumi na moja na nusu jioni, giza likianza. Nitawasha mimi. Sitazima mpaka arudi.