Shangazi, Nimemkaribisha Mama Koku Jikoni Mwako

Mpendwa Shangazi,

Nimefanya jambo ambalo ungekuwa hai ungelikataa, na nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Mama Koku anapika jikoni mwako.

Ndiyo, yule yule mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, aliyekuchukulia mpishi siku mbili kabla ya Idi. Nakumbuka ulivyokaza kanga kiunoni ukaniambia, "Menya ndizi, mwanangu. Wageni hawali hasira." Tulipika wawili tu, mimi na wewe, vidole vyangu vikawa vyeusi kwa utomvu. Baada ya hapo jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Uliniachia mgahawa uliojaa watalii. Walipitia nchi jirani, wakafika Bukoba, wakala samaki huku wakitazama ziwa. Kisha kule jirani mapigano yakaanza. Huku kwetu haikusikika hata risasi moja, lakini kwa anayetazama ramani akiwa mbali, sisi na vita tulikuwa kitu kimoja. Safari zikafutwa. Wiki tatu nilitandika meza zisizokaliwa. Wapishi waliniuliza kwa macho, nami nikajifanya sioni.

Asubuhi moja nilimwona Mama Koku akishusha kibao cha mgahawa wake. Nilivuka barabara kabla sijajua nitasema nini.

"Shikamoo, Mama. Usifunge."

"Marahaba. Nisifunge nimpikie nani? Nzi?"

"Tuwapikie watu wa hapa."

Nikamweleza kwamba hapa hapa mjini walimu wa kata ya Nshambya wanakula kila mchana, kata ya Buhembe watu wanaoana, kata ya Nyanga wanafanya vikao. Tuliwasahau kwa sababu hawakuja na kamera. Tutumie jiko moja, wapishi wote wabaki. "Ila nguruwe haingii jikoni kwa Shangazi."

Aliegemeza kibao ukutani. "Shangazi yako angenifukuza kwa mwiko."

"Angekufukuza. Mimi nakukaribisha."

Siku ya kwanza wali uliungua, wapishi wake na wangu wakarushiana lawama, nusura wagawane masufuria. Mama Koku, pamoja na umri wake, alivua viatu, akaketi chini na kuanza kumenya ndizi. Mmoja mmoja wakaja kuketi karibu naye.

Sasa walimu wanatuagiza kila siku ya kazi. Mwezi uliopita tulipikia harusi huko Muleba. Wageni, wachuuzi wa samaki kutoka visiwani, walikula ebitoke, ndizi zetu zile zile za nyumbani, kwa samaki aina ya sato, mpaka masufuria yakarudi makavu. Hakuna mpishi tuliyemwachisha kazi. Migahawa miwili mingine imeomba kuungana nasi. Watalii wakirudi tutawapokea vizuri, lakini hatutawangoja tena tukiwa tumekunja mikono.

Siku ile ya harusi, mama wa bibi harusi alimuuliza Mama Koku nani alimfundisha kupika hivyo. Akajibu, "Mama mmoja niliyemchukulia mpishi wake, ili nipate mkono wake wa mapishi. Sikuwahi kumwomba radhi." Kisha akaniuliza umezikwa wapi.

Nitamleta Ijumaa. Nitamwonyesha kaburi, halafu nitasogea kando niwaache mzungumze.

Mungu akulaze pema, Shangazi.

Binti wa kaka yako