Achari Yangu, Sura ya Verlene

Mjukuu wangu Rochelle, huko Chicago,

Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Anayeniandikia ni mke wa mchungaji, maana kalamu sikufundishwa.

Mdogo wangu Verlene amesajili jina la achari yangu ya nyanya mbichi. Chupa zimejaa dukani hapa Selma, na sura yake imebandikwa, inanichekea! Nikaenda kwa wakili.

"Bibi, siri ya mapishi ulimpa nani?"

"Niliitoa mwenyewe ichapishwe kwenye kitabu cha mapishi cha kanisa, ili Verlene aone wivu."

"Basi uliyoyachapisha si siri tena. Na jina ni la aliyeanza kulifanyia biashara."

Mwenye wivu sasa ni mimi, silali. Lakini Jumapili Verlene kanifuata: "Dada, mbona yangu haifikii yako kwa ladha?"

"Iulize hiyo picha yako!"

Mwanangu, kitabu cha kanisa hakuna anayekiandikia yote. Kila mpishi huacha kitu kimoja. Wakili anasema hicho bado ni changu, mradi nikifiche. Njoo nikunong'oneze wewe tu, kabla sijafa nacho. Hapa siwezi kukitaja, mke wa mchungaji ameshachovya kalamu kwenye wino, anakisubiri kwa hamu.

Bibi yako asiyekuchoka,
Ozella